Mashine Yangu ya Pumzi Bondeni

Ujumbe wa dada ulikuwa mfupi. "Mpunga umeiva. Mwaka huu usipokuja tulinde, shamba la mama namwachia mtu mwingine alime. Peke yangu siwezi." Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, nimezungukwa na sare za shule, nikaondoa mguu kwenye pedali. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kusema ndiyo upesi kuliko inavyofaa, lakini safari hii jibu lilinikwama.

Nina maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Nikilala, koo hujifunga na pumzi husimama, kisha mwili hushtuka na kuanza upya, na mchezo huo huendelea hadi kunakucha. Kwa miaka mingi sikujua. Nilijua kwamba nakoroma, tena kwa kuambiwa, na kwamba mchana nasinzia popote: harusini, kwenye mawaidha, hata kwenye cherehani, mpaka siku sindano iliponipita kidoleni. Ndipo mwanangu akanipeleka hospitali. Wakanilaza huko usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi daktari akaniambia kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikilala bila kupumzika.

Tangu hapo nalala na mashine. Ni kiboksi kama redio ndogo, kinasukuma hewa kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa ninayoivaa puani, na hewa hiyo hulizuia koo lisijifunge. Wiki ya kwanza niliichukia. Wiki ya pili niliamka kabla ya adhana, kichwa chepesi, nikafua mapazia yote ya nyumba.

Ila mashine inakula umeme, na bondeni kwetu Makurunge, kwenye shamba alilotuachia mama, hakuna nguzo wala waya. Daktari alinikataza kulala bila hiyo hata nikiwa safarini. Misimu miwili nikabaki nyumbani Tegeta. Dada naye hathubutu kulala bondeni peke yake, kwa hiyo alilinda ndege mchana na jioni akarudi kwake Bagamoyo mjini, na usiku nguruwe pori wakavuna kabla yake. Msimu wa tatu wa namna hiyo ungekuwa wa mwisho, naye alikuwa amekwisha kuniambia.

Nikamjibu, "Nakuja." Kisha nikakaa nikiwaza nitakwendaje.

Asubuhi ya Ijumaa niliondoka na mizigo miwili: mkoba wa nguo na begi la mashine, ambalo simpi mtu anibebee. Ule mpira wa hewa nilikuwa nimeushonea mfuko wa kanga kuukuu, maana kukiwa na baridi hewa ya ndani hugeuka matone na kunidondokea puani. Fundi cherehani akiugua, ugonjwa nao hupata nguo. Tulipofika Kerege, mama mmoja aliyeketi karibu nami kwenye basi akataka kujua nimebeba nini kwa uangalifu namna ile.

"Usingizi," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama begi, akahamishia macho dirishani hadi aliposhuka.

Zinga nilishuka kwenye duka la fundi wa sola, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye dada alikuwa amezungumza naye kabla. Nilimwonyesha mashine, waya wake wa kuchomeka kwenye gari, na inveta niliyoazima kwa jirani nikiamini nimefanya la maana.

"Hii inveta iache hapa, mama," akasema. "Inageuza umeme, halafu mashine yako inaugeuza tena. Unapotea njiani bure. Huo waya wa gari ndio wenyewe, tuufunge moja kwa moja kwenye betri." Akagonga kidogo kitangi cha maji kilicho ubavuni mwa mashine. "Na hiki?"

"Kinapasha maji, hewa isinikaushe pua."

"Basi hiki ndicho kinachomaliza betri. Ukiwa shamba kizime. Pua itavumilia."

Alitaka tujaribu kabla sijaondoka, nami nikaona ni sawa. Nikavaa barakoa, nikajinyoosha kwenye benchi la dukani mwake, nikafumba macho kidogo tu ili nisikilize. Nilipozinduka walikuwepo wateja wawili wamenisimamia kwa huzuni, mmoja akimuuliza fundi kama ndugu zangu wameshapewa habari. Fundi aliendelea kukaza skrubu zake. "Inafanya kazi," akasema, akanipakilia betri na paneli ya kukodi kwenye bajaji.

Bagamoyo nilimkuta dada kibarazani, ameshafunga vyungu na mkeka tayari kwa safari. Dada Mwanahamisi amenizidi miaka sita, na tangu mama afariki amekuwa akinitazama kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa usoni." Kwake hiyo ni sifa. Akaelekeza kidevu kwenye begi. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Alitaka aisikie. Nikaiwasha, akainama akatega sikio kama anayesikiliza chungu kama kimeanza kuchemka. Mashine ikavuma taratibu. "Na ikizima usiku?"

"Ikizima nitaamka."

"Una hakika utaamka?"

"Dada, nitaamka. Barakoa bila hewa haivumiliki." Aliniuliza tena tulipokuwa tunakula, na mara ya tatu tukiwa kwenye bajaji kuelekea Makurunge, betri likiwa katikati ya miguu yetu. Nikadhani ni uzee tu umeanza kumwingia.

Bondeni tulifika jua likiwa bado juu. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, wa manjano kuanzia kwenye tuta la njia hadi kwenye matete ya mto, na nikiri kwamba nilisimama kwanza nikavuta harufu yake. Misimu miwili ni mingi kwa mtu aliyezoea harufu hiyo. Dungu letu lilikuwa palepale: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo nne, paa la nyasi, ngazi ya kupandia, na juu yake nafasi ya watu wawili wasiogombana. Hapo ndipo tulipolala kila msimu, dada na mimi, debe tupu na fimbo katikati yetu. Ukisikia chakacha mpungani, unapiga debe na nguruwe wanakimbia. Dada, kwa uchaji wake, halitamki jina lao. Huwaita "wale jamaa". Kumbukumbu yangu kubwa ya dungu ni mbavu. Kila asubuhi niliamka ubavu wa kushoto unauma, nikailaumu miti ya jukwaa, na kila mwaka nikaongeza unene wa mkeka.

Jirani yetu wa shamba ni Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyeoa na kuzeeka hapahapa. Sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Alikuja akiburuta miguu, akatazama paneli niliyoiegemeza kwenye nguzo.

"Kumbe hamjafa," akasema. "Nilishapanga mazishi yenu nirithi shamba."

"Shikamoo, mtani," nikamjibu. "Tumekuja kukuzika wewe kwanza."

Jioni nilijenga chumba changu cha wagonjwa. Betri nililiweka juu ya ubao, nikalizungushia jivu kuzuia siafu. Mashine ikakaa kichwani pangu, juu ya ndoo iliyofunikwa, vumbi lisiingie. Mpira niliupitisha chini ya upindo wa chandarua, kisha nikavaa barakoa. Dada aliitazama kazi yote hiyo, akajilaza upande wangu wa kushoto kama zamani. Nakumbuka sauti ya vyura, na hewa baridi ya mto ikinijia puani safi kabisa bila vumbi la Tegeta. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu.

Asubuhi niliamshwa na jua la usoni. Nilivua barakoa nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani: usiku mzima, bondeni, na betri bado lina chaji. Kisha nikaona mambo mawili. Debe lilikuwa palepale, fimbo juu yake, hakuna aliyeligusa. Na upande wa mto, pembe nzima ya shamba ilikuwa imelala chini, mpunga umekanyagwa na kutafunwa, nyayo zimejaa matopeni. Dada alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

Nilishuka ngazi moyo ukiwa mzito. Tumekuja kuliokoa shamba, na usiku wa kwanza tumewakaribisha wageni mezani. Mzee Maganga alikuwa ameshafika, anazitazama zile nyayo.

"Kosa ni la mashine yako," akasema. "Zamani ukikoroma wale nguruwe walidhani dunguni kuna simba. Mwaka ulioacha kuja wakaanza kula. Sasa umekuja, lakini simba kanyamaza. Irudishe hiyo mashine mjini, uje ukorome, tuvune."

Alikuwa anatania, lakini maneno yake yaliniingia. Nilipiga hesabu kichwani na ikakubali. Miaka niliyokoroma hatukupoteza mpunga. Je, nilipaswa kuchagua kati ya pumzi yangu na shamba la mama?

"Si kukoroma," sauti ya dada ikasema nyuma yetu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kanga begani, uso umevimba kwa usingizi. "Mtani, mnyama hamwogopi mtu anayekoroma. Anaogopa debe. Na debe nilikuwa napiga mimi."

"Kila usiku?" nikamuuliza. "Ulikuwa unalala saa ngapi?"

"Nilale vipi?" Alisema bila hasira, kama anayeeleza kwa nini hakupika. "Ulikuwa unavuta pumzi, halafu kimya. Nangoja. Ikikawia nakusukuma ubavuni kwa kiwiko, unashtuka, unaanza tena. Mtu hawezi kulala na jambo hilo pembeni yake. Sasa kama niko macho, nikisikia chakacha, napiga debe. Ndiyo ulinzi wenyewe." Akajifuta macho. "Jana nilikaa nikaisikiliza ile mashine nione itasimama lini. Haikusimama. Sijui hata nilipitiwa muda gani. Mnisamehe kwa huo mpunga."

Niligusa ubavu wangu wa kushoto. Misimu yote ile nililaumu miti. Nikapanda ngazi nikamkumbatia dada yangu, nikalia palepale mbele ya mtani, naye akaenda kutazama mfereji wake.

Siku zilizobaki tulibadilishana. Mimi, ambaye sasa usingizi wa nusu usiku unanitosha kuliko ule wa zamani wa usiku kucha, nilichukua zamu ya kuanzia usiku wa manane. Mara moja wale jamaa walirudi. Nililipiga debe kwa nguvu zangu zote, na kutoka ng'ambo Mzee Maganga akalipiga lake. Dada aligeukia upande wa pili, akavuta shuka.

Tulivuna tukisaidiwa na majirani, tukapungukiwa na pembe ile tu. Habari ya kumwachia mtu shamba hakuna aliyeitaja tena. Badala yake dada alianza kunipangia ni nguzo gani ya dungu ibadilishwe kabla ya mwakani. Nikarudi na mchele mpya, nikapita Zinga kumrudishia fundi betri na paneli yake na kuchukua ile inveta. Aliuliza swali moja tu, kama chaji ilitosha. Nikamwambia iliwatosha watu wawili.

Tegeta nilifika jioni. Nikaiosha barakoa kwa maji ya uvuguvugu, nikajaza kitangi, nikachomeka mashine ukutani. Nilikuwa nimeondoka nikidhani ni ugonjwa wangu mwenyewe, kwa kuwa ni pumzi zangu. Nilikuwa sijajua kwamba kuna mtu mwingine ambaye ugonjwa huo ulimnyima usingizi.

Nilipokuwa najifunika, simu ikaita. Alikuwa dada, kutoka Bagamoyo.

"Umeshavaa?"

"Ndiyo kwanza navaa."

"Vaa. Halafu simu iache hapo karibu nayo, nisikie kidogo."

Nikavaa, nikaiwasha mashine, nikaiweka simu juu ya mto. Baada ya muda nikainua barakoa kidogo nimtakie usiku mwema, na upande wa pili nikasikia mtu anakoroma.