Imeshuka, Alisema Kavenya

Wakamba walipopata mashamba huku kwetu Lukore, watu walisema hao hawatavuka misimu miwili ya masika, watarudi kwao. Kavenya amevuka mingapi mimi sijui. Yupo. Shamba lake na langu yametenganishwa na michongoma tu, na michongoma yenyewe ina tundu ambalo tumelipasua sisi wawili kwa kupita kila siku.

Alikuja akiwa mke mpya wa Mwau. Mwau alikuwa mlinzi huko Diani, kwenye majumba ya ufuoni, akija nyumbani na mkate na homa. Homa ile ndiyo iliyomchukua. Alipokwisha kuzikwa, Kavenya akaenda kupimwa, akarudi, akapita tundu la michongoma akanikuta uani nakuna nazi. Akasimama. Nikamwambia kaa, hakukaa.

"Mama Chilau," akasema, maana mpaka leo ulimi wake haujakubali kumwita mwanangu Chirau kwa jina lake, "mimi pia ninacho."

"Unacho nini?"

"Kile cha Mwau."

Nikaondoka juu ya mbuzi ya kukunia. Nikamwambia, "Basi keti wewe ukune. Mkono wangu umechoka."

Akaketi akakuna nazi mpaka ikaisha, machozi yanaingia kwenye chicha. Tulikula mchuzi ule ule. Wako waliosema baadaye kwamba yule mama wa Kidigo ana moyo mgumu, haogopi. Mimi naogopa Mungu na naogopa nyoka kifutu. Jirani yangu nimwogope kwa lipi?

Tangu hapo akawa mtu wa vidonge. Hakuficha. Kengele ya simu yake ikilia saa ya kumeza, hata tukiwa matangani, yeye hufungua kitambaa, akameza, akaendelea kulia na wafiwa. Binti yake Purity alikuwa akiona haya. Kavenya alimwambia, "Haya yako haitanizika wala haitanilisha."

Na sungura. Huwezi kumtaja Kavenya usitaje sungura. Alianza na wawili, akajenga vizimba vya fito nyuma ya jiko, vikawa kama mtaa. Wateja wake ni wapishi wa hoteli za Diani, na sisi majirani siku ya sherehe. Anayechinja ni Chirau, ili na sisi Waislamu tule bila shaka. Hilo Kavenya alilipanga mwenyewe, hakuombwa.

Asubuhi yeye haamkii watu kwanza. Anakwenda kuinama chini ya vizimba kutazama mavi. Nilikuwa nikimcheka. "Wee mke, wenzako wanatazama mvua, wewe watazama choo."

"Choo ndicho kinachosema," akanijibu.

Mara moja tu aliwaacha, alipokwenda kwao Makueni msibani. Purity akaja kutoka Ukunda kuwashika. Yule mtoto anafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, ana huruma lakini ni huruma ya haraka. Akaleta mfuko wa mikate iliyobaki jikoni, akasema, "Nyasi kila siku si inaboesha, wacha wakule poa." Wakala poa. Matumbo yakavimba kama ngoma, vizimba vikabaki nusu. Kavenya aliporudi hakumpiga, hakumtukana. Alisema tu kwamba tangu leo hakuna mkono mwingine utakaowalisha hawa. Neno hilo lilikuja kumfunga mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Sasa sikilizeni habari ya lile neno jingine, imeshuka.

Kule kliniki kuna kipimo wanakiita lodi. Wanahesabu virusi vilivyomo mwilini. Lodi ikipanda ni kesi: unaulizwa, unakaripiwa, unaketishwa na mshauri. Lodi ikishuka ni harusi. Wale ambao imewashuka huambiwa wasimame, wenzao wakawapigia makofi. Miaka yote lodi ya Kavenya ilikuwa imeshuka. Kisha ikapanda, na yeye hakuruka kidonge hata siku moja. Wakasema virusi vimezoea dawa, wakambadilishia akapewa nyingine. Akarudi nyumbani kanywea. Ikawa anaomba jambo moja tu, asubuhi na jioni: ishuke.

Basi miezi ikapita na dawa mpya, nami nikaanza kumwona Kavenya si yule. Akikata nyasi anakaa chini. Akija kwangu anashika mti wa michongoma kwanza, anapumua. Nikamkuta anatafuna udongo wa kichuguu. Nikamuuliza, "Una mimba, bibi wewe?" Akacheka mpaka akashika kifua. "Mimba ya nani, Mama Chilau? Ya sungura?"

Nikasema nenda kliniki. Akasema tarehe yangu bado. Nikasema nenda. Akasema bado. Tukagombana, nami kwa kugombana sishindwi, akaenda. Wakamtoa damu ya kupima.

Siku ya majibu namwona anapita kwenye tundu, uso umekunjuka kwa furaha.

"Imeshuka! Mama Chilau, imeshuka!"

"Alhamdulillahi!"

"Nesi mpya ndiye aliyeniambia. Kasema, mama, imeshuka sana. Sana! Mwite Chilau achinje."

Chirau akaja, akachinja dume la kijivu. Kavenya akataka kumchuna mwenyewe kama desturi yake, kisu kikamtoka mkononi. Akaketi kwenye kinu, Chirau akamalizia kuchuna nami nikabandika nyama. Nikamtazama Kavenya midomo, nikaona ina rangi ya jivu.

"Hebu nieleze tena," nikasema. "Huyo nesi alisema nini, neno kwa neno?"

"Alisema imeshuka sana. Akasema kesho nisikose kurudi, na nije na jamaa yangu mmoja."

"Jamaa wa nini?"

"Wa kunipigia makofi, pengine."

Chirau alicheka. Mimi sikucheka. Nimeishi miaka mingi na sijaona hospitali ikimwita mtu na jamaa yake kwa jambo jema.

Nikamwendea pale kinuni. Nikamshika kichwa, nikamvuta kope la chini kama ninavyowafanyia mbuzi wangu.

"Niache! Mimi si mbuzi!"

"Tulia."

Ndani ya jicho kulikuwa kweupe kama muhogo uliomenywa. Mbuzi wa namna ile mimi humpa siku chache.

"Chirau," nikasema, "pigia hao watu wa kliniki."

Namba ilikuwa kwenye simu ya Kavenya. Chirau akapiga, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Nesi akapokea, akasalimia vizuri. Chirau akauliza ni kitu gani kilichoshuka kwa Bi Kavenya.

"Damu," nesi akasema. "Damu ya mama ndiyo imeshuka. Ni kidogo mno, nashangaa anatembea. Sikumwambia damu?"

"Ulimwambia imeshuka."

Nesi akasema, "Subhanallah. Nami nikashangaa, mbona anafurahi! Mleteni leo leo hospitali ya Msambweni, msingoje kesho. Vidonge asiache kwa kichwa chake. Aje navyo."

Chungu kilikuwa kinatokota, nyama inanukia vizuri. Kavenya akajifunika uso kwa leso.

"Na lodi?" akauliza ndani ya leso. "Muulize na lodi."

Nesi akasema lodi majibu yake hayajarudi.

Sasa mtu angedhani atanyanyuka apande pikipiki. Kavenya akakataa.

"Siendi. Wakinilaza nani atawalisha?"

"Mimi."

"Hapana."

"Mimi nimefuga mbuzi kabla wewe hujazaliwa!"

"Sungura si mbuzi. Mbuzi anacheua. Wewe utawapa maganda, utawapa ugali, utawahurumia. Nirudi nikute vizimba vitupu? Ndio mali yangu hao, Mama Chilau. Mwili huu ukinishinda, wao ndio wanaonisimamisha."

Chirau akasema, "Mama Purity, ukifa watalishwa na nani?"

"Nyamaza wewe."

Nikaona kwa nguvu haendi. Mtu mbishi hupelekwa kwa njia yake mwenyewe, hilo nalijua kwa nafsi yangu. Nikamshika mkono. "Basi nifundishe. Sasa hivi. Nikikosea sema."

Tukaenda vizimbani, yeye kaniegemea. Akanionyesha nyasi: ukoka na mabingobingo yaliyoanikwa yakanyauka, si mabichi yenye umande. Nyasi kwanza, nyasi katikati, nyasi mwisho. Majani ya viazi kidogo, kama kitoweo. Mkate hapana, hata wakikulilia kwa macho.

"Wakila laini tu," akasema, huku anapumzika kila baada ya neno, "tumbo linalala. Sungura tumbo lake halifai kulala. Nyasi ngumu ndiyo inayolisukuma. Hapa chini utaona mavi makavu, ya mviringo, kama mbaazi. Ukiona mbaazi nyingi, wazima. Ukikosa mbaazi, kuna maiti inakuja."

"Haya, mbaazi."

"Na kuna mengine. Alfajiri utamwona amejikunja, kichwa huku nyuma, anachukua kwa mdomo."

"Anachukua nini?"

"Mavi."

"Astaghfirullahi!"

"Si yale. Ni laini, meusi, yameshikana kama mbegu mbichi za papai. Nyasi mara ya kwanza haijaisha utamu. Ndani ana mfuko, nyasi inachachuka humo kama mnazi wenu. Kisha anaila tena, ndipo anapata nguvu. Usimkataze, usimpige, usiseme ana njaa. Mbuzi anacheua kwa juu, huyu anacheua kwa upande wa pili."

Chirau alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Nikamwambia Kavenya, "Mimi mnazi sinywi. Na hayo mengine nitafumba macho. Umeridhika?"

"Rudia."

Nikarudia, mimi mtu mzima, kama mtoto wa madrasa. Nyasi kwanza, nyasi mwisho, mbaazi, mbegu za papai. Aliponisikia sijakosea akaitikia kwa kichwa, akapanda pikipiki katikati, dereva mbele na Chirau nyuma akimshikilia asianguke.

Walimlaza. Walimtia damu, mfuko juu ya mfuko. Wakaomba jamaa wachangie damu kurudisha ile iliyotumika. Mimi nilituma salamu kwamba niko tayari, wakasema umri wangu umepita. Umri! Chirau akatoa. Purity naye akaja kutoka Ukunda akatoa, macho amefumba. Chirau akamwambia mgonjwa, "Sasa ukiamka utasema Kidigo." Kavenya akajibu, "Ndio maana nahisi uvivu."

Daktari aliwaeleza kwamba damu hupikwa ndani ya mifupa, na kwamba virusi vyenyewe vinaweza kuudhoofisha upishi huo, lakini kwake yeye walishuku kidonge kimoja katika zile dawa mpya. Wengine kinawakubali bila neno, yeye kimemzimia jiko. Wakakiondoa wakaweka kingine. Chirau alinieleza yote hayo kwenye simu nami nikamwambia jambo moja tu: mpe simu nimsikie.

Sauti ikaja, nyembamba.

"Mbaazi ziko?"

Mimi nikadhani anataka chakula. Nikasema, "Ziko, nitakupikia na nazi." Halafu nikakumbuka. Tulicheka, mimi huku, yeye kule kitandani, mpaka nikasikia muuguzi anamkanya.

Nilikuwa nikitoka baada ya swala ya alfajiri naenda na tochi. Yule jike mweupe nilimkuta amejikunja kweli, kichwa nyuma, anatafuna anachokijua. Nikageuza uso, nikamwachia faragha yake. Mmoja alikufa, kinda mdogo, na sijui kosa lilikuwa lipi. Nyasi alipata, mkate hakuuona. Nilimzika chini ya mpapai wala sikumficha Kavenya. Aliporudi nilimwambia kabla hajashuka pikipiki. Akasema, "Makinda hufa." Basi.

Alirudi na midomo yenye rangi ya watu. Lodi yake ilichelewa, na ilipokuja haikuwa ya kupigiwa makofi bado. Imepungua lakini haijafika wanapotaka. Atapimwa tena. Hofu hiyo anaishi nayo, nami siwezi kuiondoa kwa maneno. Ila damu imepanda. Udongo wa kichuguu ameacha. Nyasi anakata akiwa amesimama.

Wakati ule nilihamishia sungura watatu kwangu, jike mweupe na wenzake wawili, niwe nao karibu, na sikuwarudisha. Amekuja kuwadai.

"Mama Chilau, huu ni wizi."

"Ni ujira."

"Ujira wa kuniulia kinda?"

"Ondoka uani kwangu, Mkamba wewe."

Haondoki. Anainama chini ya kizimba changu kutazama kama nawalisha sawa, ananisahihisha, ananikasirisha, anakunywa chai. Kesho yake yuko tena. Sungura nyama yao siipendi sana, na mavi yao nimeyachoka kuyatazama. Lakini mtu akija kila asubuhi kugombana nawe, unajua ameamka. Siwarudishi.