Uzi Mwekundu Kwenye Soksi Nyeusi

Mume wangu alikuwa karani bomani Kisarawe. Viatu vyake vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba, alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, wala hakutaka nivisogelee. Kazi yangu ilikuwa kushona soksi zikitoboka.

Siku ya kwenda Kibuta kuwaamkia wazazi wangu, soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na uzi mweusi ulikuwa umeniishia. Nikashona kwa mwekundu. Nani ataona ndani ya kiatu? Mimi, mtoto wa nyumba ile ile, nilisahau kwamba kwetu viatu huvuliwa mlangoni.

Mume wangu akaketi mkekani mbele ya baba yangu, kidole chekundu kikimtazama mzee. Baba alikohoa, akageukia ukutani. Nilijichukia. Mume wangu hata mguu hakuukunja.

Wakati wa kurudi nilimwomba radhi, nikasema nitaufumua uzi ule nikifika tu nyumbani.

"Uache," alisema. "Viatu vyeusi kila karani pale bomani anavyo. Uzi mwekundu ninao mimi peke yangu."