Kombati Iliyogoma Kujificha Mwanjelwa

Jua la Mbeya limepata ujasiri wa kutoka kwenye ukungu. Nyuma ya karakana moja ya kutia vitambaa rangi Mwanjelwa, Frida Kalinga anatundika kipande cha kombati kwenye mparachichi, kisha anakikazia macho kama mwalimu wa zamu aliyemnasa mtoro.

Kazi yake ni kupima kama sare zitamficha askari mbele ya kamera zinazoona mwanga usioonekana kwa macho. Katika mwanga huo majani mabichi hung'aa meupe.

"Rangi mbaya hubaki nyeusi," anasema. "Askari anaonekana kama nzi kwenye maziwa."

Leo ni jaribio la mwisho. Rangi ikishindwa tena, kiwanda kinachoshona sare kitapeleka kazi kwingine, na karakana ya mzee Idrisa itafungwa.

Mzee huyo ndiye aliyempokea Frida alipotoka Mafinga akinuka maranda ya mbao. Alimpa ndoo za kusuuzia na sahani ya wali, kisha akamgharamia mafunzo ya kamera.

"Maswali yake yalinichosha," anaeleza Idrisa. "Nikasema akawachoshe na wengine."

Frida anacheka. "Sijui ningekuwa wapi bila huyu mzee."

Anawasha kamera. Katikati ya kitambaa kuna weusi.

Idrisa anakaa juu ya pipa. "Mwanangu, rangi hii nimeichemsha kwa dua zote ninazozijua."

"Dua zimefika, mzee. Ila huu weusi una pua."

Kweli, doa limechongoka mbele na kupanuka nyuma.

"Ulikipiga pasi?" anauliza Frida.

"Sasa kitu cha jeshi kiende kimekunjamana? Mimi sikulelewa hivyo."

"Pasi ya mkaa?"

"Ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Ya marehemu mama."

Ni masizi, ambayo jicho halikuyaona juu ya kijani kilichokolea. Frida anakata kipande kingine kwenye jora lilelile, anakitundika na makunyanzi yake yote. Kwenye kamera, kitambaa kinayeyukia majanini. Idrisa anakwenda kukipapasa, ahakikishe bado kipo.

"Alhamdulillahi," anasema taratibu.

Frida naye ana mpango: mwisho wa mwezi atamnunulia mzee pasi ya umeme, iwe shukrani yake.

"Na ya jogoo niiweke wapi?"

"Ukutani, mzee. Juu sana."