Khanga Yangu Ilivyoingia Chumba cha Upasuaji

Mwaka 1976 nilimwona daktari akimtoboa mtu koo huku amejifunga khanga yangu usoni.

Msicheke kwanza. Ngojeni.

Naitwa Generosa, mzaliwa wa Makere. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwenye hospitali moja ndogo upande wa Kasulu. Miaka ishirini na nne, damu inachemka, kila kitu kwangu kichekesho.

Asubuhi moja wakamleta Bi Shamsia, muuza samaki wakavu aina ya mgebuka sokoni. Mama mwenye sauti! Akiita wateja, hata waliokwisha kununua wanarudi.

Siku hiyo sauti hana. Ana mwiba.

Mwiba wa mgebuka! Samaki wake mwenyewe!

Ulikuwa na siku nne humo. Koo limevimba, jipu limeziba njia, pumzi inaingia kwa mluzi. Midomo imeanza kubadilika rangi.

"Huyu hana nusu saa," alisema Daktari Tamimu, mtu wa Tanga, mpole lakini hataki mchezo. "Tunatoboa chini ya koromeo, tunaweka bomba apumulie. Maski ziko wapi?"

Siku hizi mnaziita barakoa. Zetu zilikuwa za shashi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na shashi ilikuwa imekwisha.

"Hakuna, daktari. Tufanye hivyohivyo?"

"Thubutu! Tundu likifunguka tu atakohoa, na yote yataturukia. Unajua ana nini kifuani? Leta kitambaa chochote kisafi."

Kisafi nilichokuwa nacho ni khanga mpya, hata maji haijaonja. Roho iliniuma jamani! Cleophas, mwenzetu wa dawa za usingizi, akaichana bila huruma. Tukakunja mara nne, tukapiga pasi ya mkaa, tukajifunga.

Daktari akaendelea kuamuru. Madirisha yote wazi. Waliokuja kutazama, nje! Tubaki watatu.

"Na humu hakuna kuongea, hakuna kucheka. Kila mtu abaki na pumzi zake."

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kipande cha daktari kilikuwa na maandishi ya khanga, yamekatika katikati. Juu ya pua yake palisomeka: NIACHE.

Cleophas akaona. Akanitazama. Yesu na Maria!

Daktari ameshika kisu, jasho linamtoka, na NIACHE inapanda na kushuka kila akipumua. Nilijing'ata ulimi mpaka machozi. Cleophas mabega yanatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Daktari akatukata jicho. Tukanywea.

Fyuuu! Tundu likafunguka. Bi Shamsia akakohoa, damu na makohozi vikaruka mpaka kwenye kitambaa cha daktari. Halafu kifua kikapanda. Kikashuka. Mluzi umekwisha. Mama anapumua!

Tulipomkabidhi wodini, mimi na Cleophas tulianguka kwenye majani tukacheka hadi mbavu zikauma. Daktari akajiona kwenye kioo cha dirisha, akasoma, naye akakaa chini kucheka.

Mwiba ulishatolewa na jipu likapona; siku ya kumi bomba likaondolewa. Majibu ya makohozi ya Bi Shamsia yakaja: hana kifua kikuu.

"Khanga yangu imekufa bure," nikamwambia daktari.

"Mnaofanya kazi kwangu nanyi mpimwe," akajibu.

Cleophas, mzima. Daktari, mzima.

Mimi, ninacho.

Kumbe kikohozi nilichokuwa nikikiita vumbi la kiangazi kilikuwa chenyewe! Niliinama juu ya koo lililo wazi, karibu robo saa, na ugonjwa kifuani mwangu. Niliyekuwa hatari mle ndani ni mimi.

Wakanilaza kwenye baraza lenye upepo. Sindano kila siku, vidonge zaidi ya mwaka. Nilidhani Bi Shamsia atanichukia.

Alikuja na uji wa ulezi. Daktari akamwonyesha akae upande upepo unakotokea, nami upande unakoelekea. Sauti yake imerudi yote, imeongezeka!

"Sista! Kwa hiyo ile khanga ilikuwa inanikinga mimi na wewe?"

"Ego, mama," nikasema. Ndiyo, kwa Kiha chetu.

Alicheka akishika kovu la shingo. Akaja hivyo kila Ijumaa baada ya swala hadi nikapona, na wodi nzima wakajua bei ya mgebuka.

Ndugu msomaji, tunapoingia kwa mgonjwa tunajiuliza atatuambukiza nini. Anza na swali jingine: mimi nimemletea nini?