Kitabu cha Nyangi Kilivyogawiwa Stendi

Mmening'ang'ania kama ruba. Kila sala ya jumuiya ikiisha, Sara katibu ananivuta kanga: mama Nyangi, umebaki wewe tu, wenzako wote wameshaleta maisha ya marehemu wao kwa ajili ya kitabu cha parokia. Haya. Mtu akiwa hai anauza dagaa mnampita, akifa ndio mnakumbuka kwamba alikuwaga na maisha. Halafu mnanipa masharti: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafa, basi. Hayo yameandikwa kwenye msalaba wake, nendeni mkasome. Mimi naandika ninachotaka. Shule niliishia darasa la pili, na herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa mvua ya mawe. Sara nimemruhusu azisimamishe. Maneno asiguse.

Nyangi ni mwanangu, tulimzaa hapa hapa Butiama mimi na marehemu Wanzagi. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kuchora. Nikipaka nyumba chokaa kwa ajili ya Pasaka, kabla Pasaka haijafika ukuta umejaa watu wa mkaa. Na siyo watu wa kusimama wamekakamaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Watu wenye kazi zao, wanaofuatana. Hapa baba yake anamfukuza mbuzi, mbele kidogo mbuzi amegeuka, mbele tena baba ndiye anayekimbia, ukifika kona ya jikoni baba yuko juu ya ghala ameshika kofia. Majirani walikuwa wanakuja kuisoma nyumba yangu, wanaizunguka wakicheka mpaka wanashika mbavu. Wanzagi alinuna, maana ile habari ya mbuzi ilikuwa kweli.

Akamaliza la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaolewa Musoma na kijana wa ziwani anaitwa Masatu. Walipanga chumba mtaa wa Mwisenge. Asubuhi yuko sokoni Mwigobero na dagaa zake, mchana mtu akitaka jina la mtumbwi au picha ya mwanamke aliyesukwa kwa ajili ya saluni, anaitwa yeye na brashi yake. Nikienda kumtembelea nilikuwa naona kazi zake njia nzima. Sikumsifia. Mtoto ukimsifia barabarani anavimba kichwa. Lakini nilikuwa napita polepole.

Uvimbe ulianzia kwenye titi, akauficha mpaka ukajisema wenyewe. Masatu alivyosikia hospitali ya Mwanza wamesema ni saratani, aliaga anakwenda visiwani kuvua, na mpaka leo hajarudi. Ziwa halijamla, naambiwa amenenepa. Nikaenda kumchukua mwanangu na mtoto wake Esta, bado wa kubebwa mgongoni, nikawarudisha Butiama.

Siku akiwa na nguvu alikuwa anachukua bodaboda anakwenda Kiabakari. Pale karibu na barabara wafadhili walifungua chumba cha maktaba, na aliyekitunza alikuwa binti mmoja mpole anaitwa Jenoveva. Kwenye rafu kulikuwa na vitabu vya shule, vimesimama kama askari. Chini karibu na mlango kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi ndio kulikuwa na vitabu vya katuni, hadithi za picha kutoka mwanzo hadi mwisho, za watoto na za watu wazima, nyingine za watu wanaoruka angani, nyingine za Wajapani ambazo unaanza kusoma kutoka nyuma. Jenoveva aliponieleza hiyo ya kuanzia nyuma nikamwambia siyo ajabu, hata sisi msibani ndivyo tunavyofanya, tunaanza na aliyekufa ndio tunauliza alizaliwa wapi.

Nyangi siku ya kwanza alirudi nyumbani macho yanawaka. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Mama, kumbe nilikuwa naandika vitabu kwenye kuta zako."

Akaanza cha kwake. Alichora miezi mingi, akiumwa anaacha, akipata nafuu anaendelea. Kitabu cha maisha yake, cha kumwachia Esta. Na alichora kwa namna yake: alivyoona kwa macho yake. Kwa hiyo yeye mwenyewe humwoni. Unaona mikono yake inaanika dagaa, unaona magoti yake amempakata mtoto, unaona mimi nakuja na uji, na miguu amenichora kama ya bata. Nililalamika sana juu ya hiyo miguu. Akasema ndiyo iliyopo. Ukurasa mmoja tu ndio alioweka uso. Dawa za Mwanza zilikuwa zimemwondolea nywele zote, akaingia saluni moja ya rafiki yake Mwisenge, akakaa mbele ya kioo kama mtu aliyekuja kusukwa, akajichora kwenye hicho kioo, kipara kinang'aa, mdomo wazi, anacheka. Nyuma yake wanawake wenye mashine za nywele kichwani wanacheka naye. Alikuwa anacheka hivyo hivyo, mpaka fizi za juu zinaonekana.

Sasa sikilizeni kwa nini kitabu hakikukaa nyumbani, maana mmeuliza sana, na wengine mmeniulizia pembeni.

Kwetu siku ya kumaliza tanga vitu vya marehemu vinagawiwa. Kanga huyu, sufuria yule, mawifi na mashangazi wanachagua kwanza. Kisichogawika kinachomwa, na karatasi ndiyo inayotangulia motoni, kwa sababu karatasi ya marehemu haina mrithi. Nyangi aliyajua hayo. Alishaona vya baba yake.

Akaniambia, "Mama, nyumbani mtanigawa. Maktaba haina tanga. Kikikaa pale kinakuwa cha watu wote, hakuna wifi wa kukiomba. Esta akijua kusoma, umpeleke."

Nikaona amewazidi wote akili. Jenoveva alikibana pini za stepla, akakiweka kwenye boksi pamoja na wenzake wa picha. Na mtakaouliza mbona hatukupiga kopi: wewe ukimweka ng'ombe wako kwa shemeji, unabaki nyumbani na ng'ombe wa kopi?

Akafa. Tukazika. Siku ya tanga mawifi wa Musoma walichukua kanga, wakachukua sufuria, wakachukua mpaka brashi, sijui wanapaka nini. Kitabu wakakitafuta uvunguni. Nikawaambia kipo Kiabakari, kuna benchi, kaa, soma, rudisha. Hakuna aliyekwenda.

Mimi nilikwenda. Nikiuza mihogo yangu pale Kiabakari, napitia maktaba, Jenoveva ananipa, nakaa na watoto wa shule kwenye benchi. Kilikuwa kimechakaa kuliko vyote, kwa sababu watoto walikigombania. Kona zimeliwa, jalada limelegea. Mimi nilifurahi. Kitabu kisichochakaa hakina rafiki. Na nilikisoma mwenyewe, bila mtu wa kunisomea, mpaka mwisho. Ndicho kitabu pekee nilichowahi kumaliza, kwa hiyo mtu asinifundishe kwamba katuni siyo kitabu.

Mwaka jana goti likanigomea, mvua zote za masika sikutoka. Jenoveva naye akahamia Bunda kwa mume. Esta wakati huo yuko darasa la pili, na kusoma kumemwingia ghafla kama homa: anasoma mfuko wa sukari, anasoma mgongo wa kanga yangu nikitembea. Siku aliyosoma wimbo wa kanisani mstari mzima bila kukwama, nikasema basi, wakati umefika. Nikamwogesha, nikamvalisha gauni la Noeli, mimi kitenge cha Jumapili, tukapanda bodaboda. Njia nzima ananiuliza mama yake alikuwaje. Namwambia subiri, anakuonyesha mwenyewe.

Tumefika. Chumba kimepakwa rangi, kimepigwa deki, kinanukia. Pale mlangoni lilipokuwa boksi kuna chungu cha maua. Kijana mpya anaitwa Emanuel akasimama kwa adabu, shikamoo bibi, akavuta kiti. Nikamwambia nimeleta mwenye kitabu. Akaniuliza namba yake. Sikuelewa. Akanionyesha vile vya kwenye rafu: kila kitabu kina karatasi nyeupe mgongoni, na namba. Cha Nyangi kilikuwa chembamba, hakina mgongo wa kubandikia, na vyote vya boksi lile vilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana vilikaa kwenye boksi.

Akaanza kuzunguka maneno. Wafadhili walikuwa wanakuja kukagua, chumba kilitakiwa kionekane maktaba, katuni ni za kuchezea, zimechanika, zinachafua. Visivyo na namba havihesabiki. Nikamwambia sikuja kujifunza hesabu.

"Niliona uchungu kuvichoma, bibi," akasema. "Nikampa boksi lote mama Marieta wa stendi. Anafungia karanga."

Esta alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini, mikono ameiweka magotini kama walivyomfundisha shuleni, anasubiri apewe kitabu.

Nitasema ukweli wa kijana yule: alilia. Alitaka kunishika mkono, nikauficha kwenye kitenge. Machozi yake hayana namba na mimi siyahesabu.

Tukavuka kwenda stendi. Marieta anakaa pale mabasi yanaposimama, na beseni lake la karanga za kukaanga. Anachana karatasi, anaisokota, anatia karanga, anakunja juu, anakimbilia dirisha la basi. Nilipomweleza alikaa chini kwenye vumbi. Akapekua mfuko wa karatasi, tukapekua wote watatu, abiria wanaita karanga na yeye haendi. Tukapata za dagaa, tukapata mimi na miguu yangu ya bata, tukapata ya mbuzi, moja imepasuka katikati. Nyingine zimeshaondoka. Marieta akasema karatasi zile wateja walikuwa wanazipenda, wengine wanasema nipe yenye picha. Ya mwanamke mwenye kipara anaikumbuka vizuri. Aliyeipokea alikuwa dirishani, alimwaga karanga zote mkononi, akainyoosha karatasi, akacheka sana, akaikunja akaitia mfukoni. Basi lilikuwa linatoka Musoma. Mwanamke au mwanaume, Marieta hakumbuki. Mabasi ni mengi, madirisha ni mengi.

Mwanangu alikimbia kugawiwa na mawifi, akagawiwa na watu asiowajua, kwa msokoto wa karanga, dirisha hadi dirisha, Bunda, Mwanza, Sirari, sijui.

Nilimpigia Jenoveva. Akasema akifunga macho anauona uso ule wote, ila mkono wake hauwezi kuchora. Hata mimi nauona. Nimejaribu na mkaa ukutani kwangu, nimetoa kitu kama boga.

Emanuel alikuja mpaka nyumbani, amebeba namba zake, anaomba karatasi zilizobaki azirudishe maktaba, sasa atazibandika vizuri, ametafuta na rafu ya katuni. Nikamwambia rafu ni jambo jema, aweke za watoto wengine. Hizi anabaki nazo Esta.

Esta amezipanga kwenye mkeka kwa namna anayoona yeye. Anasoma maneno yote, hakwami popote. Anaona mikono ya mama yake, anaona magoti ya mama yake. Juzi aliziangalia mbele, akazigeuza nyuma ambako kuna mafuta tu, akaniuliza, "Bibi, uso wake uko karatasi gani?"

Nikamwambia uko safarini.

Hayo ndiyo maisha ya Nyangi Wanzagi, muyaweke kwenye kitabu chenu, na hicho chenu mkipe mgongo wa kubandikia namba. Na wewe unayesoma, acha kunionea huruma, simama. Kama ulipita Kiabakari na basi kutoka Musoma ukanunua karanga kwa Marieta, kapekue. Mfuko wa koti, pochi, Biblia uliyoichomekea karatasi, kabati la jikoni. Kama siyo wewe, muulize uliyekaa naye kiti kimoja. Ni mwanamke mwenye kipara mbele ya kioo, anacheka. Ikiwa na mafuta usiifute, ikiwa imechanika usiigundishe. Mpe kondakta yeyote anayepita huku, mwambie aishushe kwa Marieta, stendi ya Kiabakari. Mtoto anasubiri. Inuka sasa hivi.