Makochi ya Mpita Njia

Nailoni ya kochi ikikaliwa hutoa mlio wake, kitu kati ya kukoroma na kulalamika, na ule wa sebuleni kwa Bi Mkubwa ninausikia mpaka leo. Ukikaa, kwaruu. Ukiinuka, kwaruu tena, na ngozi ya paja inabaki nyuma kidogo kabla ya kukufuata, hasa mwezi wa kumi jua linapokasirika. Makochi yale yalipakiwa Dar es Salaam yakiwa bado na nailoni ya dukani, ofisi yao ilipohamishiwa Dodoma, na miaka yote aliyoishi hapa Ihumwa hayakuvuliwa. "Niyavue ya nini?" alikuwa akisema. "Nije niyavike tena siku ya kuondoka?" Basi Jumamosi iliyopita kaondoka. Presha ilimpanda asubuhi, mchana hospitali wakatuambia tukate tamaa, na alasiri hakuwa nasi. Amezikwa hapahapa, kwenye udongo mwekundu aliokuwa akiukung'uta viatuni kila akifika mlangoni kwake.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa kucheka. Mimi ni fundi cherehani, shule yangu iliishia darasa la saba, na ndoto zangu mmeshazichoka: karakana yangu ya sare za shule, vyerehani vimepangwa mistari, mimi napita katikati na futi shingoni. Nilikuja huku kutoka Tanga kwa miezi michache, miezi ikazaana, na ninachowaandikia kila wiki ni mambo madogo ya mtu aliye ugenini: upepo unaoanua nguo zako bila ruhusa, maji ya kisima yenye chumvi yanayogombana na sabuni, zabibu zinazouzwa kwenye ndoo kama vile kwetu tunavyouza machungwa. Marehemu husemwa vizuri, najua. Nilimpenda pia, kwa namna ya kumpenda mtu anayekupangisha chumba cha uani na siku ya baridi anakuletea uji bila kuombwa. Lakini leo nina dharau kifuani, na nisipoitoa itanichachia.

Bi Mkubwa alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya serikali. Alinipokea kwa sababu mimi ni wa kwao, Tanga. "Angalau nipate mtu anayejua samaki wa nazi," alisema siku ya kwanza, "hawa wengine wanakula majani yanayoteleza." Majani yenyewe ni mlenda, na huku mlenda ni heshima. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mama mmoja mwenyeji wa Kondoa anayefuga mbuzi na kuuza karanga, aliwahi kutuletea bakuli la mlenda na ugali wa uwele, umefunikwa kwa kawa safi. Bi Mkubwa alimwacha mlangoni. "Asante, weka hapo chini, msichana atachukua." Msichana ndiye mimi. Yule mama akaweka, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Jirani, mimi sikuleta chakula cha mbwa." Akaondoka taratibu. Mlenda niliula mimi, mtamu, una karanga ndani, na kutoka sebuleni nikasikia kochi likikwaruza, Bi Mkubwa akijipanga vizuri na kilio chake cha kila jioni: kwetu hivi, kwetu vile.

Kisha likaja la mazishi. Mama mzazi wa jirani huyo alifariki, mtaa mzima ukahamia kwake. Wakristo na Waislamu, Wagogo na wa kuja, kila mwanamke na kuni zake, au ndoo ya maji, au kisado cha unga, maana huku msiba hauulizi dini wala kabila, unauliza tu unakaa nyumba ipi. Nilimkuta Bi Mkubwa anapaka rangi kucha. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, twende tukahani, hata dakika kidogo." Akapuliza kucha. "Nenda wewe. Mimi hapa mpita njia. Mpita njia hazikani na watu." Kwa bahati mbaya alisema dirishani, na dirisha lilikuwa wazi, na waliokuwa wakipita na kuni walisikia. Habari ikafika msibani kabla yangu. Jirani alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu, akaniitikia shikamoo yangu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mvua: "Mwambie njia ni ndefu."

Sasa Jumamosi. Jumamosi katika mji huu ni siku ya ukweli. Ijumaa jioni mnawaona wanavyokokota mabegi ya magurudumu kwenda stesheni na stendi, wake kwa waume, wanakimbilia Dar es Salaam kama mji huu umeshika moto, kisha Jumatatu wanarudi wamenuna. Kwa hiyo Bi Mkubwa alipofariki, wale wa aina yake, ambao kwa miaka alicheka nao vumbi la watu, walikuwa wote kilomita nyingi mbali. Nikapiga simu Tanga. Kwenye nyumba niliyoisikia ikisifiwa kila jioni, yenye baraza na mkunazi, simu alipokea kijana wa kaka yake, akaniuliza mara mbili ninamzungumzia shangazi yupi. Alipomkumbuka akasema, "Maiti haicheleweshwi, dada. Mzikeni hukohuko, sisi tutasoma dua huku." Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wala haioshi maiti. Maana hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: maiti ya mwanamke wa Kiislamu huoshwa na wanawake, mimi ni mmoja na sijawahi, na jua linashuka. Kama nisingepata mikono mingine, Bi Mkubwa angepelekwa kaburini bila kuoshwa na mtu anayemjua hata kwa sura.

Nikaenda ukuta wa pili. Jirani alikuwa anamenya karanga na wenzake wawili. Nikasema shikamoo, nikasema kilichotokea, nikasema ninachoomba. Hakuna aliyelia. Mmoja akasema, "Yule wa kuziba pua tukipita?" Mwingine akasema, "Si alisema ni mpita njia? Apite basi." Wakacheka kidogo, na sikuwaona wabaya, kicheko chenyewe walikidai kwa haki. Jirani hakucheka. Aliendelea kumenya mpaka karanga za ungo zikaisha, na mimi nimesimama, na sikuthubutu kukaa. Mwisho akainuka, akasema, "Ngoja nifunge mbuzi." Akafunga mbuzi. Akaingia ndani, akatoka na kanga mbili na ubani, akawaambia wale wawili, "Inukeni. Mpita njia akifia mlangoni kwenu, mnamruka?" Wakainuka, wananung'unika, na mmoja akanung'unika mpaka kwenye beseni la maji. Waliosha vizuri. Jirani alinionyesha mkono wangu uende wapi na lini, na alipofika kwenye kucha zenye rangi aliketi akazisugua moja moja, kwa subira, mpaka zikawa tupu, huku akimwambia marehemu, "Unatusumbua mpaka leo, mama."

Msiba unataka mikeka, na mikeka inataka nafasi, kwa hiyo vijana wa mtaa wakayatoa makochi nje. Hapo ndipo nilipowakumbuka ninyi, wasomaji wangu, maana nilishindwa kujizuia. Wazee waliotoka kuchimba kaburi kwenye ardhi ile ngumu kama tofali, wengi wao Wagogo wa kanisani, wamejaa vumbi mpaka kope, walikaribishwa wakae. Wakakaa. Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu. Mzee mmoja akajigeuza huku na huku, akauliza kwa upole, "Jamani, hiki kitu kinatakiwa kukaliwa kweli, au tunakiharibu?" Nikaingia jikoni nikacheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kukawa ndiko hasa.

Jumatatu wa ofisini wakaja. Walikuja na magari yenye vioo vya giza, wamevaa nyeusi zilizopigwa pasi, wakasimama mstari mmoja kivulini wakiogopa viatu vyao. Mmoja alitoa hotuba kwamba marehemu aliipenda kazi na aliupenda mji huu. Jirani yangu alinitazama, mimi nikatazama mkeka. Mwingine akaniuliza, sauti ya chini, kama maji ya kunawia yamechemshwa. Wakala, wakaandika majina, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alimwosha. Hao ndio ninaowadharau, na sioni haya. Nawadharau watu wanaokaa mahali mwaka hadi mwaka kama wamekaa kwenye benchi la stendi, mguu mmoja nje. Wanajenga nyumba bila kupanda mti, wanapishana na mtu kila asubuhi bila kujua watoto wake wanaitwa nani, wanasema mji hauna watu huku watu wanawafulia mashuka. Halafu wanatuambia sisi tusiosoma kwamba hatuna upeo. Mkataa pema, pabaya panamwita, walisema wa zamani, na mimi naongeza kwamba pema penyewe huwa hapajionyeshi. Pamekaa ukuta wa pili, panamenya karanga.

Na ninamdharau Bi Mkubwa pia, nikiwa bado ninamlilia. Alikuwa na akili, alikuwa na mkono mzuri wa kupika, angeweza kupendwa hapa. Alichagua kuitunza Tanga ambayo ilikuwa imeshamsahau, na akaitunzia makochi. Ndugu zangu mlio ugenini, mahali unapolala ndipo kwako kwa usiku ule, na mtu wa kukuosha hutafutwa ungali unaweza kumpa mkono. Hilo tu ndilo nililojifunza, na nilifundishwa na mtu aliyekuwa anafunga mbuzi.

Msiba ulipoanuliwa, jirani alirudi kwake na sufuria zake, nikabaki peke yangu uani. Nikaingia chumbani kwangu. Godoro nililonunua nilipofika Dodoma bado lilikuwa na nailoni yake, nimetandika shuka juu, na kila nikijigeuza lilikuwa likinong'ona. Nikachukua mkasi wa kazi, nikaichana nailoni toka kichwani mpaka miguuni, nikaikunja ndogo isije ikaliwa na mbuzi wa watu. Kisha nikaliburuta godoro nje, nikaliegemeza ukutani lipigwe jua. Upepo ukaja na vumbi lake, ukalimwagia lote. Nikaliacha.