Sari Nane za Kijani

Niliishi Pune, mji wa Kihindi, miaka mitatu nikisomea usanifu wa ndani ya majengo, na sehemu kubwa ya niliyoyajua nilipomaliza niliipata madukani, si darasani.

Mara ya kwanza kuingia duka la sari nilipelekwa na mama mwenye nyumba niliyopanga, mjane mwenye sauti ndogo ambaye wapangaji wote tulimwita Aunty. Alitaka nguo ya kuvaa kwenye harusi ya mpwa wake. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi juu ya godoro lililotandikwa shuka jeupe, na mwuzaji akaanza kufungua. Hakuuliza tuna uwezo gani. Alichukua sari iliyokunjwa kama kitabu, akairusha, na kabla haijatua mbele yetu alikuwa ameshavuta nyingine. Zilipofika kama thelathini niliacha kuhesabu. Aunty alitazama, akapapasa, akaomba maji, akaletewa chai. Mwishowe alinunua gagulo moja jeupe la kuvaa ndani.

Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama yule mwuzaji. Kwetu Kitale ukimfungulisha mtu majora matatu kisha uondoke mikono mitupu, siku nyingine unapita upande wa pili wa barabara. Lakini yeye alitusindikiza hadi mlangoni na kumwambia Aunty amfikishie bwana harusi salamu zake.

Tulipofika nje nikamuuliza, "Aunty, hatakasirika?"

"Akasirikie nini? Kazi yake ni kufungua. Kazi yangu ni kuangalia."

Kuanzia hapo nikawa natembea na daftari. Niliandika juu ya duka la viatu lenye tundu darini: mwuzaji anataja namba ya mguu wako kwa sauti, na boksi linadondoka kutoka juu moja kwa moja mikononi mwake. Niliandika juu ya duka la vifaa vya shule ambako kalamu moja ilipita kwa watu wanne, wa kuandika risiti, wa kupokea pesa, wa kufunga kwenye karatasi, na mlinzi wa mlangoni aliyetoboa risiti kuthibitisha kwamba wale watatu wa kwanza hawakuota. Niliandika pia juu ya kabati langu la nguo. Lililetwa na mafundi wawili, milango ikakataa kufunga. "Hakuna shida," akasema mkubwa wao, akakunja kipande cha boksi na kukisukuma chini ya mguu mmoja. Milango ikafunga. Kile kipande kilikaa pale miaka yote mitatu, na ningelikuwa na roho ya kukitoa ningepata kujua kama kabati lilikuwa limetengenezwa au limebembelezwa tu.

Nilipoolewa nikahamia Greenbelt, mji mdogo wa Kimarekani, mume wangu akiwa nesi na mimi nikiwa na cheti ambacho hakuna aliyekiulizia. Kazi ya kwanza nilipata kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumbani upande wa Bowie, duka la kutembea kwa dakika kumi kutoka mapazia hadi masufuria. Tulifundishwa kumuuliza mteja swali moja, kama amepata alichokuwa anatafuta, kisha tumwache. Wengi walijibu bila kugeuka, wakaenda kwenye mashine za kujilipia. Kuna siku nilimaliza zamu nzima nikagundua kwamba sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia ilisemwa na mashine.

Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye kioo cha duka dogo la nguo za Kihindi, si mbali na College Park, niliingia siku hiyohiyo. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mke wake ndiye aliyekuwa akipima wateja wanawake, lakini alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuweza kusimama. Nilimwambia mzee nimeishi Pune. Alishusha sari kutoka rafuni, akaimwaga yote juu ya kaunta na kusema, "Kunja."

Nilikunja. Nilikuwa nimewatazama watu wakikunja kwa miaka mitatu, na mikono yangu ilikumbuka zaidi kuliko nilivyotarajia. Pindo halikulingana vizuri, akalivuta kidogo kwa kidole.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi, beti," akasema. Beti kwao ni binti yangu. Mimi nikamwita Ankel.

Katikati ya duka alikuwa amejijengea jukwaa la mbao, limetandikwa godoro na shuka jeupe kama kule kwao. Wateja wa hapa walilizunguka kama watu wanaokwepa kitanda cha mtu. Hakuna aliyetaka kuvua viatu, na kila mmoja akiingia alisema kwa haraka kwamba anaangalia tu. Ankel alikuwa ameacha kuwafungulia watu kama hao, akidai alikuwa akiwatia hofu.

Jumamosi moja alimpeleka mkewe kufanya mazoezi ya nyonga, akaniachia duka. Wakaingia mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa amevaa kitenge na sweta, na nilipomsikia akimwambia binti kitu kwa Kiswahili cha Bukavu, nikawakaribisha kwa Kiswahili. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe humu muko mutu wetu," akasema.

Binti alikuwa anaolewa mwezi wa saba. Walitaka kitambaa cha wasimamizi, wasichana wanane, dada na binamu, wote wavae rangi moja. Binti alinieleza hayo kwa Kiingereza, kisha akaongeza, kama wote, kwamba wanaangalia tu. Nikavuta sari ya kwanza nikairusha. Mama akanishika mkono.

"Usifungue, mama. Hatuna hakika ya kununua. Utakunja zote hizi bure juu ya nini?"

"Kufungua ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Yako ni kuangalia."

Aliuachia mkono wangu. Kisha akanieleza kwamba tangu afike nchi hii hushika mikono nyuma akiwa dukani. Wiki yake ya kwanza aligusa shali moja tu kuona ulaini wake, na mfanyakazi akamfuata kona kwa kona hadi alipotoka. Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini hatumii sukari. Nikawamiminia chai kutoka chupa ya Ankel na kuwaonyesha jukwaa. Mama alivua viatu kwanza. Binti akasita, akatazama dirishani kama kuna anayemjua anapita, kisha naye akavua.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Nilifungua nyekundu, zambarau, rangi ya manjano iliyoiva, bluu ya shingo ya tausi. Mama alianza kwa kugusa kwa ncha ya kidole, mwisho alikuwa ananinyang'anya mikunjo mkononi na kuniagiza, "Leta ile ya juu. Hapana, ya pembeni." Wakaipenda ya kijani, kijani cha jani la mgomba likiwa bichi, yenye pindo jembamba la dhahabu. Binti aliiweka begani, akajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza akasema kwa Kiswahili, "Hii, Mama."

Nilihesabu. Zilikuwa tano.

Hapo ndipo furaha iliponiponza. "Hakuna shida," nikawaambia. "Tatu zilizobaki tutaziagiza." Mama akanibariki, binti akanikumbatia, wakaniachia namba ya simu, wakaondoka.

Ankel aliporudi nilimsimulia kila kitu. Nilipofika kwenye neno "tutaziagiza" alivua miwani.

"Hizo zilifumwa miaka mitatu iliyopita," akasema. "Aliyezifuma ameacha, sasa anaendesha duka la simu. Nani alikwambia hakuna shida?"

Nilisema nitampigia mama simu nimwombe radhi. Ankel alizunguka jukwaa mara mbili akiwa na sari moja ya kijani mkononi, akiligeuza pindo huku na huku.

"Usimpigie kuomba radhi," hatimaye akasema. "Mpigie aje Jumatatu saa nne asubuhi. Kule Pune itakuwa jioni, soko limejaa."

Jumatatu mama alikuja na sare yake ya kazi, kwa sababu saa saba alitakiwa nyumbani kwa bibi mgonjwa anayemhudumia. Nilimweleza ukweli wote kabla ya kitu kingine. Alisikiliza, akasema, "Bon. Basi tutafute." Ankel akaisimamisha simu yake juu ya kaunta na kumpigia kwa video binamu yake, ambaye ana duka la vyombo katika soko la Pune. Binamu akafunga duka lake, akainua simu juu kama taa na kuingia kwenye kichochoro cha wauza nguo. Tukasafiri naye. Niliona pikipiki zikipita ubavuni mwa watu na mbao za matangazo zilizoandikwa kwa mkono.

Duka la kwanza walikuwa na kijani cha chupa. La pili kijani cha limau. Lakini hakuna mwuzaji aliyesema tu hana. Kila mmoja alisogezewa simu mbele yake na kila mmoja alirusha sari zake mbele ya ile kamera ndogo kama vile tumekaa kwenye godoro lake. Mama akawa anajibu kwa Kiswahili, wao wanasema kwa Kihindi na Kimarathi, na mimi katikati natafsiri ninachokijua. Baada ya muda hawakuningoja. "Hapana, hii imepauka," mama anasema, na mwuzaji kule anaitupa kando.

Duka la nne lilikuwa la mtu mnene mwenye masharubu mazito. Alitazama sari ambayo Ankel aliinyanyua, akapotea, akarudi amefunikwa vumbi na sari tatu chini ya kwapa. Kijani kilekile. Pindo peke yake lilikuwa pana zaidi, kama vidole viwili.

"Mwambie mama aone inavyoanguka," binamu akasema.

Yule bwana akajitandia sari juu ya shati na suruali yake. Akapiga marinda kwa vidole vya haraka, akatupa ncha begani, akageuka pole kushoto na kulia, masharubu na yote, uso wake mzito kama wa mtu aliye mahakamani. Mama alishika ukingo wa kaunta. Akaketi juu ya jukwaa na sare yake, akacheka hadi akafuta machozi kwa kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni. Kule nako yule bwana mwenyewe akacheka, kisha akauliza watakaozivaa wana rangi gani ya ngozi. Mama akasogeza uso wake karibu na simu. "Kama mimi," akasema.

"Basi zitawapendeza," nikamtafsiria jibu.

Tatizo la pindo alilimaliza mama mwenyewe kabla sisi hatujalitamka. Wasichana watatu kati ya wale wanane walikuwa dada wa damu wa bi harusi. Hao wangevaa pindo pana ili wageni wawatambue. Alilisema kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Sari zilifika wiki ya tatu, kifurushi kimeshonewa kitambaa cheupe kwa sindano na anwani imeandikwa juu kwa wino. Binti alikuja kuzichukua na habari nyingine: wangezikata. Fundi wao angeshona magauni marefu yenye mikono iliyotuna, kama wanavyovaa kwao. Nilimtazama Ankel. Kwake yeye sari haikatwi. Ukiikata umebaki na kitambaa. Aliufungua mkasi wake na kuufunga.

"Waambie wasilitupe pindo," akasema mwishowe. "Walifanyie kazi."

Tulialikwa sote. Harusi ilikuwa Bowie, katika ukumbi wa kanisa wenye uwanja wa magari mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Ankel alikuja na mkewe akitembelea fimbo. Wasichana wanane waliingia wakicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, na mapindo ya dhahabu yalikuwa yamezungushwa shingoni na kushuka hadi kwenye mikono, yale mapana yakiongoza. Mke wa Ankel, ambaye nilikuwa sijamsikia akizungumza zaidi ya maneno matano, alimwinamia mumewe na kumwambia kitu. Nikamuuliza amesemaje.

"Anasema angependa yeye ashonewe hivyo," Ankel akajibu, na hakuonekana kufurahi wala kukasirika.

Alipiga picha nyingi, zote zimeinama upande, akazituma Pune usiku uleule. Jumatatu, tukiwa tunapanga rafu, simu yake ikalia. Ni yule bwana wa masharubu. Alitaka kujua mkono wa gauni ulikatwaje mpaka ukatuna vile bila kuharibu pindo, maana alikuwa na mteja dukani muda huo, amekaa, anasubiri jibu. Ankel akanipa simu. Nami nikampigia mama, mama akampigia fundi, na kwa nusu saa hatukuuza kitu chochote.